Risasi Isiyo na Mlio

Betri ya nyumbani kwangu ilikufa Jumanne jioni, umeme ukiwa umekatika tangu adhuhuri. Ilikuwa betri kubwa, iliyokaa miaka minne chini ya ngazi ikitulindia mwanga wa taa tatu na chaji ya simu. Kesho yake fundi aliyeniuzia alifika kwetu Kigobe, jijini Bujumbura, na gari lake dogo, akaigonga kwa kifundo cha kidole, akaipima, akatikisa kichwa. Imekwisha. "Dada, ukiniachia hii ya zamani nakupunguzia bei ya mpya," akasema. Nikamwuliza anaipeleka wapi. Buyenzi. Na kutoka Buyenzi? "Hapo sijui. Kuna watu wanakuja kununua kwa kilo."

Aliibeba kwa mikono miwili, ameikumbatia kifuani kama mtoto aliyelala, tukaagana langoni. Mtaa wetu una jina kubwa nchini kwa sababu ya jumba moja: jumba la mikutano ambamo Bunge la Burundi hukaa. Sheria za mazingira za nchi hii hujadiliwa mahali ambapo mimi hupita nikienda kununua mkate. Usiku ule, chini ya taa iliyowashwa na betri mpya, neno lile la kilo lilinikaa kichwani. Ijumaa nikashuka Buyenzi kuifuata betri yangu.

Aijuaye Bujumbura anajua kwamba gari likiugua hupelekwa Buyenzi. Barabara zake za namba zimejaa gereji, maduka ya vipuri, mafundi wa rangi na wa kuchomelea, na Kiswahili ndicho lugha ya kazi na ya mapatano. Betri yangu sikuiona, na hata kama ningeiona nisingeitambua katika lundo lile. Niliwakuta mzee mmoja na mjukuu wake wa kiume, umri wa miaka tisa au kumi, wamekaa kwenye vigoda nyuma ya gereji, karai kati yao.

Mzee alipasua kifuniko kwa patasi na nyundo, akainamisha kasha, na maji ya betri yakamwagika kwenye udongo. Yalitoa povu jeupe, kisha yakazama. Udongo wa pale una rangi ya majivu na hauoteshi hata jani moja. Akatia mkono ndani ya kasha, akachomoa pleti moja baada ya nyingine, kila moja imegandwa na uji mkavu wa kijivu na kahawia, akazikung'uta kwenye ukingo wa karai. Vumbi likapanda. Likatua juu ya mikono yake, juu ya magoti ya mtoto, juu ya glasi ya chai iliyokuwa pembeni. Mzee akainua glasi akanywa.

Pleti huuzwa kwa kilo, alinieleza. Kasha la plastiki nalo lina mnunuzi wake. Kiasi kidogo huyeyushwa papo hapo kuwa chubwi za nyavu za wavuvi, maana risasi iliyo katika pleti hizo ni metali laini: huyeyuka ikifika nyuzi 327 za Selsiasi, joto ambalo jiko la makaa hulipata bila taabu. Hatua chache kutoka kwenye karai kuna mtaro. Mtaro unateremka kwenye mto Ntahangwa, na Ntahangwa huingia Ziwa Tanganyika, ambako jiji hili huchota sehemu kubwa ya maji yake ya bomba. Betri yangu ilitoka Kigobe kwa gari. Nilikuwa nimesimama mbele ya njia yake ya kurudia.

Sina ugomvi na mzee yule. Anakula kwa jasho lake, na kazi anayoifanya ina faida yake, kwa sababu risasi inaweza kuyeyushwa na kutumika tena na tena, na betri iliyotupwa porini ni hasara na ni sumu vilevile. Swali langu linamhusu yule anayekuja kununua kwa kilo, na zaidi yake yule anayeyeyusha kwa tani mahali fulani nyuma ya ukuta, na zaidi yao wote yule aliyepiga mhuri kwenye kibali cha tanuru.

Kiswahili kina neno moja, risasi, kwa metali hii na kwa kile kinachotoka kwenye bunduki. Katika jiji letu ukilitamka ghafla, watu wa umri wangu hugeuza shingo. Tumelala sakafuni usiku mwingi kwa sababu ya neno hilo. Risasi ya bunduki ina mlio, na aliyeusikia atausimulia. Risasi ya betri huingia na vumbi, na ugali ulioliwa kwa mikono isiyonawiwa, na kidole cha mtoto kinachotoka mchangani kwenda mdomoni. Mwili huidhania ni kalsiamu, ukaiweka mifupani kama akiba, na humo inaweza kukaa miongo ya miaka. Mwanamke akishika mimba, akiba hiyo hufunguka ikamfikia mtoto tumboni, na akinyonyesha hupita pia katika maziwa. Huleta upungufu wa damu, maumivu ya tumbo, maradhi ya figo, mimba kuharibika. Kwa mtoto hulenga ubongo ungali unajengwa: atachelewa kusema, atashindwa kutulia darasani, na mwalimu atamwita mzembe. Shirika la Afya Duniani linasema hakuna kiwango cha risasi mwilini kinachojulikana kuwa salama, na linataka chanzo kitafutwe na kuondolewa mara mtu anapokutwa na maikrogramu 5 au zaidi katika desilita moja ya damu.

Thiaroye-sur-Mer, kitongoji cha Dakar nchini Senegal, watoto 18 walikufa kati ya Novemba 2007 na Machi 2008 kabla chanzo hakijatambuliwa. Kilikuwa udongo wa mahali palipopasuliwa betri kuukuu kwa miaka mingi. Bei ya risasi ilikuwa imepanda, wanawake wakawa wanachekecha mchanga ule kutafuta vipande vya kuuza, watoto wao wamebebwa mgongoni au wamekaa kando. Nilipokuwa Buyenzi nikitazama magoti ya mtoto yule, Thiaroye ndiyo iliyonijia akilini.

Kisa kinachotugusa kwa karibu zaidi sisi wasemaji wa Kiswahili kiko Mombasa, eneo la Mikindani, katika makazi yaitwayo Owino Uhuru. Watu wapatao 3,000 waliishi pale katika nyumba za udongo na mabati. Mwaka 2007 kampuni iliyoitwa Metal Refinery EPZ ilianza kazi upande wa pili wa ukuta. Ilinunua betri kuukuu, ikazipasua, ikayeyusha risasi yake na kuisafirisha nje ya nchi. Serikali iliihesabu miongoni mwa viwanda vya kuzalisha kwa ajili ya mauzo ya nje, vile vinavyopewa nafuu ya kodi kwa matumaini ya ajira na fedha za kigeni. Moshi wa tanuru ulishuka juu ya mabati ya jirani. Maji machafu yalipita katikati ya nyumba. Kuku walikufa, watu wakakohoa, wanawake wakapoteza mimba, na kwa muda mrefu kila mmoja alidhani ni msiba wake peke yake.

Mwaka 2009 kampuni ilimwajiri mwanamke kijana, Phyllis Omido, na miongoni mwa kazi zake za mwanzo ilikuwa kusimamia ripoti ya tathmini ya athari kwa mazingira. Ripoti ikatoka na jibu ambalo hakuna mwenye tanuru angelipenda: kiwanda kiko karibu mno na watu, kihamishwe. Akaondolewa kwenye jukumu hilo akapewa jingine. Kila nikikisoma kisa hiki husimama hapo. Ukweli haukuletwa na mwanaharakati kutoka ng'ambo wala na mpinzani wa serikali. Ulikuwa umekwisha andikwa, kwa fedha za kampuni yenyewe, ukawekwa mezani kwa wakubwa wake, wakati ambapo bado ungeweza kuokoa watoto wengi. Walioamua kuendelea kuwasha moto waliamua wakijua.

Halafu mtoto wa Omido akaugua. Alikuwa mchanga, homa haishuki, dawa hazishiki, hospitali moja hadi nyingine. Damu yake ilipopimwa, ikakutwa risasi. Mtoto hakuwa mfanyakazi wa kiwanda. Sumu ilimfikia kwa maziwa ya mama yake, aliyekuwa akirudi kutoka kazini kila jioni. Omido akaacha kazi. Alipoona watoto wengine wa mtaa ule nao wamekutwa na risasi katika damu, akaanza kugonga milango ya ofisi, akaanzisha kituo cha kutetea haki na mazingira, akaandamana na wakazi. Mwaka 2012 alikamatwa katika maandamano na kushtakiwa kwa kuchochea vurugu, shtaka ambalo mahakama ilimwondolea. Kiwanda kilizimwa mwaka 2014. Mwaka 2015 alipewa Tuzo ya Mazingira ya Goldman.

Kama kisa kingeishia hapo kingekuwa hadithi ya kumsifu mtu mmoja jasiri, na magazeti mengi yaliishia hapo kweli. Mimi nakiona kikianza upya mwaka 2016, wakazi walipofungua kesi katika Mahakama ya Mazingira na Ardhi ya Mombasa. Katiba ya Kenya ya mwaka 2010 humpa kila mtu haki ya mazingira safi, na kifungu chake cha 70 kinamruhusu kwenda mahakamani bila kulazimika kuthibitisha kwamba yeye mwenyewe amepata hasara. Wakazi wa Owino Uhuru waliutumia mlango huo, na hawakumshtaki mwenye tanuru peke yake. Walizishtaki pia wizara za mazingira na afya, NEMA iliyo mamlaka ya taifa ya usimamizi wa mazingira, mamlaka ya maeneo ya uzalishaji kwa mauzo ya nje, na hata mwenye ardhi aliyekodisha kiwanja.

Tarehe 16 Julai 2020 Jaji Anne Omollo aliamua kwamba wakazi walipwe fidia ya shilingi bilioni 1.3 za Kenya. Aliamuru pia udongo na maji visafishwe ndani ya miezi minne, la sivyo zilipwe shilingi milioni 700 za kuifanya kazi hiyo. Mzigo aliugawanya kati ya washtakiwa, na fungu lililo kubwa kuliko yote aliliweka juu ya NEMA, kubwa kuliko la kiwanda chenyewe.

Wako watu waliolalamikia mgawanyo huo, wakisema serikali ikilipa ni mwananchi anayelipa. Nalielewa lalamiko lao. Hata hivyo naona jaji aligusa mahali penyewe panapouma. Tanuru la risasi haliwashwi gizani. Linahitaji kibali, umeme, barabara, mkaguzi, karatasi yenye mhuri wa forodha ili mzigo utoke bandarini. Kila mhuri ni mtu aliyekuwa na nafasi ya kusema hapana. Kampuni yenyewe ilikwisha kufunga milango miaka sita kabla ya hukumu, na kampuni iliyofunga milango ni mdaiwa mgumu kupatikana. Udongo wenye sumu hubaki, wagonjwa hubaki, ofisi iliyotoa kibali hubaki.

Fidia ile haikuwafikia wakazi moja kwa moja. Juni 2023 Mahakama ya Rufani iliifuta, ikisema ihesabiwe upya. Tarehe 6 Desemba 2024 Mahakama ya Juu ya Kenya ikairejesha. Mtoto aliyezaliwa Owino Uhuru mwaka tanuru lilipowashwa alikuwa ametimiza miaka 17 siku hukumu ile ya mwisho iliposomwa.

Majanga ya viwanda ambayo dunia huyakumbuka ni yale yaliyotokea kwa usiku mmoja. Bhopal, India, usiku wa kuamkia tarehe 3 Desemba 1984, gesi ilitoka kwenye kiwanda cha dawa za kuulia wadudu cha Union Carbide, ikaua maelfu. Kampuni ililipa dola milioni 470 mwaka 1989, nazo zilipogawanywa kwa walioumia zikawa fedha ya kuona haya kuitaja. Jirani yetu wa ziwa, Zambia, tarehe 18 Februari 2025, kingo za bwawa la mabaki ya shaba la kampuni ya Sino-Metals Leach zilivunjika huko Chambishi, mamilioni ya lita za maji yenye asidi yakaingia mto Kafue, na mji wa Kitwe ukakatiwa maji. Picha za samaki waliokufa zilizunguka dunia. Owino Uhuru haikuwa na picha ya namna hiyo. Maafa yake yalichukua miaka saba kutokea, na ndiyo maana ilikuwa rahisi kwa kila ofisi kusema bado inachunguza.

Zambia hiyohiyo imetupa funzo jingine ambalo wanasheria wetu wanapaswa kulishika. Wanakijiji wa Chingola waliokuwa wakilalamikia maji ya mgodi wa Konkola waliamua kumfuata mzazi wa kampuni, Vedanta, hadi London. Tarehe 10 Aprili 2019 Mahakama ya Juu ya Uingereza ilikubali kwamba kesi yao dhidi ya kampuni mama isikilizwe huko. Mwenye hisa ng'ambo hakuweza tena kukaa nyuma ya jina la kampuni tanzu akasema mgodi ule haumhusu.

Turudi Kigobe. Burundi ilipata Kanuni ya Mazingira Juni 2000, na ikaifanyia marekebisho kwa sheria ya tarehe 25 Mei 2021. Kanuni kwamba anayechafua ndiye alipe imo katika sheria zetu. Imo pia katika Mkataba wa Ziwa Tanganyika, uliotiwa saini Dar es Salaam tarehe 12 Juni 2003 na Burundi, Kongo, Tanzania na Zambia, ambao makao ya mamlaka yake yako hapahapa Bujumbura. Ziwa hilo lina kina cha mita 1,470 na limeshika karibu asilimia 17 ya maji baridi ya juu ya ardhi duniani. Maji yake hutoka kwa mto mmoja tu, Lukuga, na wataalamu hukadiria kwamba tone la maji hukaa humo zaidi ya miaka 400. Kwa hiyo kinachomwagwa leo kwenye mtaro wa Buyenzi, au kinachotoka kwenye bomba la kiwanda chochote kwenye ufuo huu, kitawakuta wajukuu wa wajukuu wa yule mtoto wa vumbi magotini.

Maneno ya sheria tunayo basi. Ninachokitaka mimi kutoka jumba lile la jirani ni vitu vya kushikika. Cha kwanza ni dhamana: mtu akitaka kuwasha tanuru la risasi, au kuchimba madini, au kufungua kiwanda cha ngozi au cha rangi, aweke fedha benki kabla ya moto wa kwanza, kiasi cha kutosha kusafisha udongo na kutibu majirani siku atakapofunga milango. Yeyote aliyepangisha nyumba Bujumbura anajua kulipa miezi kadhaa kabla ya kupewa ufunguo. Sioni kwa nini anayekodi hewa na maji ya mtaa mzima asiulizwe hivyo. Cha pili ni kwamba ripoti za athari kwa mazingira zibandikwe mahali majirani wanaposoma, ofisi ya mtaa, msikitini, kanisani, kwa Kirundi na Kiswahili. Ripoti ya Mombasa ilikuwa na jibu sahihi, ilikosa wasomaji. Na mfanyakazi anayeandika ukweli wa aina hiyo alindwe na sheria, asihamishwe dawati.

Jambo hili lina haraka. Kila nyumba ya Kigobe iliyofunga betri chini ya ngazi, kila duka la mtaa wa Kamenge lenye paneli ya jua juu ya bati, imenunua pia mzigo utakaokufa baada ya miaka mitatu au minne. Nishati ya jua ni njema na naitumia. Lakini betri hizo zitakapokufa zote pamoja, atatokea mtu na mpango wa tanuru, atazungumza juu ya ajira na fedha za kigeni, na atakuwa na haraka ya kupata mhuri. Afadhali maswali yawe yamekwisha kuandikwa kabla hajafika.

Siku ile Buyenzi, mzee alinisikiliza nilipomweleza habari ya Mombasa. Hakubisha. Alisema amekuwa na maumivu ya tumbo miaka mingi na akadhani ni vidonda. Kisha akaniuliza, kwa adabu, kama mtu anayeuliza njia: "Hiyo damu, dada, inapimwa wapi hapa mjini? Na bei gani?"

Sikuwa na jibu, nikamwahidi nitaulizia. Katika maabara ya kwanza niliyoingia niliambiwa kipimo hicho hawakifanyi; damu ingebidi ipelekwe nje ya nchi, na gharama waliyonitajia ilizidi bei ya betri yangu mpya. Jumatatu nikarudi kumwambia. Alitikisa kichwa taratibu, akamwita mjukuu wake, akamtuma kuleta maji na sabuni. Mtoto alipokuwa hayupo, mzee akakishika kile kigoda kidogo, akakihamishia upande wa pili wa ua, mbali na karai, kisha akarudi akaketi na kuivuta betri iliyofuata.